Namba yatima: maneno niliyosema Lubumbashi kuhusu rapoti, Excel na kopie-kole

Kwa wale hawakufika Jumamosi pale salle ya parokia, haya njo maneno yote, nimeyaandika vile niliyasema. Slaidi nimeziacha, na kusema kweli hata wale walifika hawakuziona sana, kuranti ilikatika mara mbili.

Jambo yenu!

Sijasikia. Jambo yenu! Haya, sasa naona tuko pamoja.

Bapapa, bamama, bayaya, vijana wa komini za Katuba na Kenya na Ruashi, na wewe uliyetoka kule Kasumbalesa asubuhi na vumbi yote ya barabara, asanti sana. Najua leo ni Jumamosi, najua bukari inapoa nyumbani, sitawachelewesha. Lakini nianze na swali, na munijibu bila haya: nani hapa juma hii amefungua rapoti kwenye ordinateri, akasoma namba kwa macho, akaiandika kwa mkono ndani ya Excel ao ndani ya Word? Nyosha mkono. Mmoja, watano... papa pale nyuma unanyosha mikono miwili! Sawa. Na mimi nanyosha wa kwangu, juu mimi njo nilikuwa bingwa wa hiyo kazi.

Niwaambie vile niliiacha. Kuna kampuni ya transport nilikuwa natumika zamani, jina halina kazi hapa. Jatatu asubuhi, mkutano, direkteri anauliza kitu kidogo tu: mwezi ule uliisha tulivusha tani ngapi za kathodi, zile bamba za shaba? Kontabli anafungua Excel yake, anasema 4,310. Sekreteri ako na Word, anasema hapana chefu, ni 4,185. Chefu wa depo anainuka na slaidi yake nzuri yenye rangi, inasema 4,402. Watu watatu, mwezi mmoja, namba tatu. Sasa niambieni, nani alidanganya?

Hakuna. Hakuna aliyedanganya! Wote watatu walitoa kwenye rapoti moja, ile ile, sema mmoja alikopi Alhamisi, mwingine Ijumaa jioni, mwingine Jatatu saa moja ya asubuhi, na katikati makaratasi ya malori yalikuwa yangali yanatoka mpakani na kuingizwa moja moja. Tulikaa masaa mawili. Masaa mawili tunabishana namba, malori yenyewe hatukuyaongelea hata dakika kumi.

Hizo namba mimi naziita namba yatima. Iko ndani ya dokima yako, imevaa vizuri, imewekwa bold, lakini ukiiuliza mama yako nani, haijui. Ilitoka rapoti gani? Siku gani? Ilichujwa namna gani? Haijui. Na wewe uliyeileta, kisha miezi mitatu, na wewe haujui.

Sasa neno la kwanza, na hili njo nitakaa nalo zaidi: lete mwonekano, acha data nyumbani kwake.

Nieleze. Hizi programu za rapoti, iwe Power BI ya Microsoft, iwe ya Oracle, iwe ile kampuni yenu ilinunua na hamujui jina yake, kazi yao ni moja, zinakaa katikati ya data na watu. Data iko kwenye seva, rapoti inaichota, inakupa tablo, grafiki, karta. Kile unaona pale njo naita mwonekano. Na watu wengi, sisi wote, tukitaka huo mwonekano uingie kwenye Excel tunafanya nini? Tunashusha data yote, mistari elfu na elfu, tunaanza kuikata na kuibandika sisi wenyewe. Mama ukitaka lengalenga ya kupika leo jioni, unahamisha shamba lote unaleta jikoni? Si unachuma kifungu chako unarudi?

Kuhamisha shamba kuna hatari, na si hatari ya kijiji yetu tu. Uingereza, mwaka 2020, corona imepamba moto, wagonjwa 15,841 walipotea kwenye hesabu ya serikali, kati ya tarehe 25 mwezi wa tisa na tarehe 2 mwezi wa kumi. Walipotea namna gani? Maabara zilikuwa zinatuma majibu, biro ya afya inayaingiza ndani ya fishie ya Excel ya aina ya zamani, ile XLS, na ile ya zamani mwisho wake ni mistari 65,536, haipiti hapo. Mgonjwa mmoja alikuwa anakula mistari kadhaa, kwa hiyo fishie moja ilikuwa inabeba watu kama 1,400 hivi, wanaobaki wakaanguka inje. Wagonjwa wenyewe walipata majibu yao, lakini wale waliokaa nao karibu, wale wa kutafutwa na kuambiwa mubaki nyumbani, walichelewa kutafutwa. Inchi tajiri hiyo! Sasa wewe na Excel yako ya 2010 unasema itabeba yote?

Utaniambia, yaya, Excel ya leo inafika mistari 1,048,576. Ni kweli, tangu 2007. Lakini ukishusha data kutoka mwonekano wa Power BI kwenda Excel, kwa kawaida mwisho ni mistari 150,000, na ukichukua CSV, ile fishie ya maandishi matupu, ni 30,000. Ikipita hapo inakatwa. Na mtu akikupa fishie yenye mistari 30,000 kamili kamili, bila mmoja kuzidi wala kupungua, wewe usishangilie, shituka.

Basi tunafanya namna gani? Kwa wale wa Power BI, kwenye rapoti kuna pahali pameandikwa "Analyser dans Excel". Unabonyeza, inakupa fishie ya Excel yenye tablo krwaze, ile ya kujumlisha data, iliyofungwa na kamba kwenda kule data inakaa. Unapanga vile unataka, mteja huku, mwezi huku, na juma lijalo hauandiki tena kitu, unaenda "Données", "Actualiser tout", ao Ctrl na Alt na F5 pamoja, namba zinajibadilisha zenyewe. Ikikukatalia usipige ordinateri, ni ruhusa hauna, enda uombe kwa mwenye rapoti. Wale wa Oracle wako na kitu kinaitwa Smart View, inajiweka ndani ya Excel, ndani ya Word, ndani ya PowerPoint, unafungua katalogi ya rapoti, unachagua mwonekano unaotaka, inakuuliza: niuingize kama tablo, kama picha, ao kama grafiki ya Excel yenyewe? Unachagua. Kesho unaaktualize. Na PowerPoint ya wale wa Power BI, kuna kakipande ka kuongeza, unakopi adresi ya rapoti unabandika pale, slaidi inakuwa na rapoti nzima ndani, unaweza hata kubonyeza filta, ile ya kuchuja data, mbele ya watu. Mara ya kwanza nilionyesha hiyo, kuna papa mmoja wa finansi alisema huyu kijana ni mchawi.

Word ndio mtoto mgumu. Kwa Power BI, Word haina raha hiyo ya PowerPoint, unapita njia ya Excel kwanza, unakopi tablo yako, unaingia Word, "Collage spécial", unachagua "Coller avec liaison". Siku ya kuaktualize unachagua yote, unabonyeza F9. Inatumika vizuri, lakini iko na ugonjwa mmoja: ile kamba inakumbuka njia ya fishie vile ilikuwa siku ile. Ukiwa uliweka Excel kwenye kle ya USB, ukaichomoa, ukampa dada yako aende kuprintia kazi ya shule, Word inatafuta mama yake haimuoni. Yatima tena! Fishie mama ikae kwenye seva, pahali pamoja, na asiibadilishe jina mtu. Najua kuna watu hapa wanapenda kuita fishie "rapoti ya mwisho", kisha "rapoti ya mwisho kabisa", kisha "rapoti ya mwisho kabisa 2". Munacheka, lakini munajijua.

Na kabla sijatoka hapa, ile ya koma na nukta. Hii ni ya kwetu sisi wa mashini za Kifaransa. Rapoti imetengenezwa na mtu wa mashini ya Kiingereza, mfano, inaandika 1,250 kusema elfu moja mia mbili hamsini. Wewe unaikopi unaibandika ndani ya Excel yako ya Kifaransa, na Excel ya Kifaransa koma kwake ni desimali. Tani 1,250 imekuwa tani moja na robo. Lori moja haijajaa hata! Na mara ingine rapoti inaandika na nukta, Excel yako haielewi, inaiweka kama maneno, inaenda kulala upande wa kushoto wa kijumba, na SOMME, ile fomula ya kujumlisha, inaipita bila kuisalimia. Nimeona jumla ya mwezi imepungukiwa namna hiyo na watu wanatafuta mwizi depo. Mwonekano ukiuingiza na kamba yake, namba inakuja ikiwa namba, hauna haja ya kujua mwenye kuitengeneza anaandika koma ao nukta.

Tuko pamoja? Haya.

Neno la pili. Si kila kitu kinapaswa kuwa hai, yaani kufungwa na kamba na kujibadilisha chenyewe.

Ee, nimewasifia uhai saa nzima, sasa nageuka. Kuna pahali ingine nilitumika, komite imekaa, slaidi yenye namba hai, wanaamua budgeti ya mafuta juu ya namba ile, wanaandika PV, ile karatasi ya maamuzi ya mkutano, wanasaini, wanaweka na slaidi pembeni kama ushahidi. Miezi miwili inapita. Mkaguzi anakuja, anafungua ile PowerPoint, na ile namba, juu iko hai, imejiaktualize! PV inasema kitu, slaidi inasema kitu kingine. Mkaguzi anawaangalia kwa jicho ile munajua. Watu wazima, wazee wenye mvi, wanaanza kuapa kwa Mungu kwamba siku ile namba haikuwa hii. Nani atawaamini?

Kwa hiyo mimi najiuliza hivi: hii dokima ni ya kufuata ao ni ya kusaini? Ya kufuata, ile ya kila Jatatu, iache hai, iaktualizwe. Ya kusaini, iue. Samahani kwa neno, lakini iue: geuza mwonekano kuwa picha, Word ukate kamba kwa Ctrl na Shift na F9, toa PDF, na chini yake andika kamstari kamoja, rapoti gani, filta gani, data ya tarehe gani saa ngapi. Kamstari kamoja! Hicho njo cheti cha kuzaliwa cha namba yako.

Filta nazitaja makusudi. Mwonekano unaingia kwenye dokima na filta ile uliiacha siku ile. Niliona grafiki moja imeandikwa "Uzalishaji" juu, kubwa, watu wanahuzunika vile imeanguka, kumbe aliyeikopi alikuwa amechagua Likasi peke yake, akasahau. Kolwezi yote haikuwa ndani. Watu walianza hata kuulizana nani atafukuzwa.

Na "hai" hata yenyewe usiiamini bure. Hai kwa nani? Mwonekano wako uko hai kadiri rapoti imeaktualizwa, si kadiri ya saa ya ukutani. Power BI ile ya lisansi ya Pro, rapoti inaweza kupangiwa kujiaktualize mara 8 kwa siku, basi. Ukibonyeza Excel yako saa tano mara ishirini, na data ya mwisho iliingia saa mbili, unapata ya saa mbili mara ishirini. Umechosha kidole tu.

Kuna ingine ya direkteri yule yule wa malori. Alienda Kolwezi kuona mteja, na slaidi yake yenye rapoti hai, shati jipya, kila kitu. Anafungua pale hoteli: koneksio inatembea kama kinyonga, na ile kidogo inaingia, slaidi inamuuliza konti na modepasi. Alikuwa anatumia ordinateri ya mteja, konti yake hakumbuki. Kisanduku cheupe mbele ya watu sita! Alinipigia simu, sitarudia maneno yake hapa kanisani. Tangu siku ile, kabla mtu hajasafiri namwambia: geuza mionekano yote kuwa picha kwanza, ubaki na kopi mbili, moja hai kwa biro, moja picha kwa safari. Na ukumbuke, ile hai, kila anayeifungua anaifungua kwa ruhusa yake mwenyewe. Kama hana ruhusa haoni kitu, hata ukimtumia slaidi mara kumi. Hiyo si ubaya, hiyo ni neema, na inanipeleka kwenye neno la tatu.

Neno la tatu ni aibu yangu. Mnyamaze kidogo.

Nilitengeneza barua ya Word, ya kutumia wafurnisa wetu, wale wanatuuzia vitu, nikaweka ndani grafiki moja nzuri ya vile tunalipa kwa wakati. Niliitoa Excel, kopie, kole, imeingia, nzuri sana, nikatuma. Kesho yake mfurnisa mmoja, mzee wa heshima, ananipigia anacheka: mwanangu, sikujua chauffeur wenu anapata pesa kidogo vile. Nikasema papa, umejuaje? Akasema nilibonyeza grafiki mara mbili.

Munaelewa kilichotokea? Nilipobandika grafiki, sikubandika grafiki peke yake. Niliweka ndani klaseri yote, yaani fishie nzima ya Excel, na klaseri ile ilikuwa na ukurasa wa mishahara. Mtu akibonyeza mara mbili, jumba lote linafunguka, chumba kwa chumba. Nililala siku tatu bila usingizi. Direkteri alinisamehe, chauffeur ndio hakunisamehe, na haki yake.

Nilijifariji baadaye nikijua siko peke yangu. Tarehe 8 mwezi wa nane 2023 polisi wa Ireland Kaskazini walijibu swali la raia mmoja kwa kutoa tablo ya Excel, ikawekwa kwenye intaneti. Nyuma yake kulikuwa ukurasa umefichwa, wenye majina ya ukoo, vyeo, na pahali pa kazi pa watu wao 9,483. Kule polisi kujulikana jina na pahali anatumika si kitu cha mchezo, ni maisha yake. Ilikaa inje masaa zaidi ya mawili. Walipigwa faini ya pauni 750,000. Ukurasa uliofichwa, bapapa na bamama, haujafungwa na kifunguo, umefunikwa na kitambaa tu.

Tablo krwaze ni vile vile, hata ukitoa ukurasa wa data, mara nyingi inabeba kopi ya data tumboni, mtu anabonyeza jumla mara mbili, mistari inamwagika. Njo maana nawaambia, kitu kinatoka inje ya biro kitoke kama picha ao PDF. Na ndani ya biro, tumia ile kamba, juu kamba inaheshimu ruhusa. Smart View iko hata na namna ya kuficha namba kabla ya kutuma, unatuma tablo tupu, anayepokea anaingia na konti yake anaaktualize, anaona zake tu, za mwenzake haoni. Na kitufe kimoja siku hizi kinanitia hofu, ile ya Power BI ya kutoa rapoti kwenye wavuti: hiyo haiombi modepasi kwa mtu, inafunguka kwa dunia nzima. Vijana mnaipenda juu ni rahisi na haiombi lisansi. Rapoti ya malipo ya wateja usiipitishe pale, hata siku moja.

Kuna yaya amenipa karatasi hapa, anauliza, kama kampuni yetu haina programu yoyote ya rapoti, tuna Excel tu? Yaya, fanya fishie moja mama kwenye seva, mtu mmoja tu anaiandika, wengine wote wanavuta kwa kamba, na ule mstari wa chini usiusahau. Kwa kuanza inatosha, nimeona biro inaishi miaka mitatu hivyo.

Naona kuranti imerudi. Pale nyuma kuna ordinateri tatu, tutakaa mpaka saa nane. Fungueni barua ile mulituma juma hii, yenye grafiki, tuibonyeze mara mbili tuone nini inatoka. Mama mwenye kitenge ya bleu, wewe wa kwanza, lete kle yako. Lakini tuipitishe kwa antivirusi kwanza, mama, usinikasirikie.